Kupanua huduma ya uthibitishaji wa malipo mtandaoni: mwongozo kwa mafundi wa Lubumbashi

Anayesimamia mfumo wa malipo mjini Lubumbashi anajua kwamba watu hawaji kwa mtiririko ulio sawa. Mwisho wa mwezi, kampuni za migodi na wakandarasi wao wanapotoa mishahara, maelfu ya simu hufunguliwa kwa dakika zilezile. Mwanzoni mwa Septemba wazazi hulipa minervali (ada ya shule) ya watoto, na alfajiri wafanyabiashara wanaoelekea mpakani Kasumbalesa hutaka kuhamisha fedha kabla ya gari kuondoka. Katika kila hali hiyo, mlango wa kwanza unaogongwa ni huduma ya uthibitishaji, yaani ile inayouliza: wewe ni nani, na una ushahidi gani? Mlango huo ukikwama, hata kama hifadhidata ya salio ni nzima na seva za malipo zimekaa bila kazi, mteja aliye mbele ya kabina ya wakala katika mitaa ya Katuba au Ruashi ataambiwa tu kwamba mfumo haufanyi kazi.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuutawanya mlango huo kwenye seva nyingi na miji zaidi ya mmoja bila kuudhoofisha. Jambo moja linaongoza hatua zote zinazofuata. Kazi ya uthibitishaji ina sehemu ambayo seva yoyote inaweza kuifanya bila kumuuliza mtu, na ina sehemu ambayo lazima iwe na ukweli mmoja tu. Sehemu ya kwanza ipanue utakavyo. Ya pili ifanye iwe ndogo, ilinde, na ukubali kwamba itakuwa na masharti magumu.

Hatua ya kwanza: pima mzigo kwa sekunde, si kwa siku

Jumla ya wateja kwa siku haikuambii chochote cha maana, kwa sababu mfumo hauangushwi na siku, unaangushwa na dakika mbili. Tuseme wafanyakazi 20,000 hupokea ujumbe wa mshahara, na nusu yao hufungua programu ya simu na kuandika neno la siri ndani ya dakika mbili za mwanzo. Hao ni watu 10,000 kwa sekunde 120, yaani takriban 83 kwa sekunde.

Sasa angalia upande wa seva. Maneno ya siri huhifadhiwa kama hashi, yaani alama isiyoweza kugeuzwa kuwa neno lenyewe, iliyokokotolewa polepole kwa makusudi, ili mwizi aliyeiba hifadhidata asiweze kukisia haraka. Njia ninayoipendekeza ni Argon2id, ya familia ya Argon2 iliyoshinda mashindano ya kimataifa ya hashi za maneno ya siri mwaka 2015 na kuelezwa katika RFC 9106 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti) ya mwaka 2021. Ukiipanga itumie robo sekunde kwa kila ukaguzi, kiini kimoja cha kichakato kitawahudumia watu 4 kwa sekunde, na seva yenye viini 8 itawahudumia 32. Wanakuja 83, wanatoka 32. Kila sekunde foleni inaongezeka watu 51. Baada ya dakika mbili watakuwa wamesimama zaidi ya watu 6,000, na wa mwisho atasubiri zaidi ya dakika tatu. Kwa kweli hatasubiri, bali atafunga programu na kuifungua tena, na kwa kufanya hivyo ataongeza mzigo uleule unaomchelewesha.

Kwa hiyo unahitaji angalau viini 21 kwa kazi hiyo peke yake, pamoja na ziada ya kufidia seva moja itakapozimika. Usisahau kumbukumbu ya mashine: ikiwa kila ukaguzi unachukua mebibaiti 64, ukaguzi 32 unaokwenda pamoja utachukua gibibaiti 2. Iweke kazi hii kwenye seva zake zenyewe, mbali na zile zinazokagua tokeni (hati ya kidijitali anayopewa mteja aliyekwisha kuthibitishwa), ili ukokotoaji mzito usizinyime pumzi kazi nyepesi. Na kishawishi cha kulegeza hashi ili foleni ipungue kikatae kabisa, kwa sababu utakuwa umelipia kasi ya leo kwa usalama wa wateja wote kesho.

Hatua ya pili: mtu athibitishwe mara moja, tokeni ikaguliwe popote

Mteja akishathibitishwa, mpe tokeni yenye muda mfupi, iliyotiwa saini ya kidijitali. Utaratibu wa kutoa idhini wa OAuth 2.0, uliochapishwa mwaka 2012 kama RFC 6749, na muundo wa tokeni wa JWT, uliochapishwa mwaka 2015 kama RFC 7519, unatosha kwa mifumo mingi. Programu ya simu iongezewe kinga ya PKCE, ya RFC 7636, ili msimbo wa idhini, ambao programu huubadilisha kwa tokeni, ukinaswa njiani usimfae aliyeunasa.

Tumia saini ya funguo mbili. Ufunguo wa siri ukae katika huduma ya uthibitishaji peke yake, na ufunguo wa umma usambazwe kwa seva zote za malipo. Kwa njia hiyo seva iliyoko Lubumbashi hukagua tokeni yenyewe, kwa muda ulio chini ya milisekunde chache, bila kuuliza Kinshasa. Ukitumia ufunguo mmoja wa siri unaoshirikiwa na seva zote, kila seva inayoweza kukagua inaweza pia kughushi, na seva moja ikivamiwa umepoteza mfumo mzima.

Ukaguzi uwe kamili: nani ametoa tokeni, imetolewa kwa ajili ya huduma gani, inaisha lini, na imetiwa saini kwa njia gani. Njia ya saini uipange wewe ndani ya seva, usiisome kutoka kwenye tokeni yenyewe na kuiamini, kwa kuwa mashambulizi kadhaa ya zamani yalipitia hapo: mshambuliaji aliandika kwamba tokeni haina saini, na seva ikamkubalia.

Funguo nazo zibadilishwe kwa utaratibu. Tangaza ufunguo mpya wa umma kabla ya kuanza kuutumia, ngoja hadi kache (hifadhi za muda) za seva zote ziwe zimeusoma, ndipo uanze kutia saini nao. Ule wa zamani uondoe baada ya tokeni yake ya mwisho kuisha muda. Ukibadilisha kwa ghafla, wateja halali watakataliwa kwenye seva ambazo bado hazijapata habari.

Hatua ya tatu: nambari ya siri yenye tarakimu nne ina kanuni zake

Wateja wengi hutumia simu ndogo na menyu ya USSD, ile inayofunguliwa kwa kupiga msimbo wenye nyota bila intaneti, na wanaingia kwa nambari ya siri yenye tarakimu nne. Hapa hashi ya polepole haikusaidii kama unavyodhani. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000 tu. Kwa robo sekunde kila mmoja, aliyeiba hifadhidata ataimaliza yote ya mteja mmoja kwa sekunde 2,500, yaani dakika kama 42, kwa kiini kimoja cha kichakato. Akiwa na mashine nyingi ni suala la dakika.

Dawa yake ni kuchanganya nambari hiyo na ufunguo usiotoka kamwe nje ya kifaa maalumu cha kuhifadhi funguo, ambacho mafundi hukiita HSM. Hifadhidata ikiibwa bila kifaa hicho, kilichomo hakina faida. Weka vifaa viwili au zaidi katika majengo tofauti, na upime kila kimoja kinahimili maombi mangapi kwa sekunde, kwa sababu ndicho kitakachokuwa shingo nyembamba ya upande wa USSD.

Kumbuka pia kwamba simu ndogo haibebi tokeni. Lango la USSD ndilo linaloshika kikao kwa niaba ya mteja, na nambari ya simu inaletwa na kampuni ya mawasiliano. Uaminifu wa nambari hiyo haupiti uaminifu wa njia iliyoileta. Kwa hiyo kati ya lango lao na seva zako pawe na usimbaji wa TLS ambao pande zote mbili zinaonyeshana vyeti. Kikao cha USSD hakidumu, na ukichelewa kujibu kinakatika mteja akiwa katikati ya malipo. Basi panga kikomo cha sekunde chache kwa kila jibu, na ukipita, jibu kwa ukweli kwamba ombi halikukamilika.

Hatua ya nne: hesabu ya majaribio iwe moja tu

Hii ndiyo sehemu ambayo ningeomba msomaji atulie nayo kuliko zote, maana hapa ndipo upanuzi unapovunja usalama bila mtu kutambua. Seva moja inayoruhusu majaribio matatu ni salama kiasi. Ukiweka seva tano, kila moja ikihesabu kivyake, mshambuliaji amepata majaribio kumi na matano. Hakuna msimbo uliobadilika na hakuna kosa linaloonekana kwenye kumbukumbu za matukio. Kinga imepungua mara tano kwa sababu tu mfumo umekua.

Hesabu hiyo basi ikae mahali pamoja kwa kila mteja. Si lazima mashine moja ibebe wateja wote: wagawe kwa nambari ya simu, kila kundi liwe na mwenyewe mmoja anayejulikana. Kila kundi liwe na nakala tatu au tano zinazokubaliana kwa wingi wa kura, chini ya kiongozi mmoja, kwa itifaki kama Raft, ambayo Diego Ongaro na John Ousterhout waliichapisha mwaka 2014. Nakala tatu huvumilia kupotea kwa moja, na tano huvumilia kupotea kwa mbili. Nakala mbili, moja Lubumbashi na moja Kinshasa, hazitoshi, kwa kuwa mawasiliano yakikatika hakuna upande wenye wingi wa kura.

Umbali nao una gharama. Kati ya Lubumbashi na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka, na mwanga katika nyuzi husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 15, na kwa njia halisi za nyuzi, ambazo hupinda na pengine kutoka nje ya nchi kabla ya kurudi, itakuwa zaidi ya hapo. Kwa wateja wanaoishi Katanga, weka kiongozi wa kundi lao na wingi wa nakala karibu nao, katika majengo yasiyotegemea umeme mmoja.

Utaratibu wa kuandika nao una uzito. Seva nyingi husoma hesabu, hukagua nambari ya siri, kisha huongeza hesabu ikiwa imekosewa. Mshambuliaji akituma maombi hamsini kwa pamoja, yote husoma sifuri, yote hukaguliwa, na hesabu huongezwa baadaye, wakati ameshapata nafasi hamsini. Fanya kinyume chake: ongeza hesabu kwanza, kwa tendo moja lisilogawanyika, kisha kagua, na mteja akipatia irudishe hesabu kwenye sifuri.

Hesabu nyingine ielekezwe upande wa mshambuliaji. Kuna anayejaribu 1234 kwa simu elfu moja badala ya nambari elfu moja kwa simu moja, na hesabu ya kila mteja haimwoni. Hesabu makosa kwa kila kifaa, kila wakala na kila anwani ya mtandao, lakini kwa anwani uwe mpole, kwa sababu wateja wengi wa kampuni moja ya simu huweza kuonekana wakitoka kwenye anwani moja.

Hatua ya tano: uwezo wa kufuta ulichotoa

Tokeni iliyosainiwa haina haja ya kuulizwa, na hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipo: simu ikiibiwa sokoni, tokeni inaendelea kukubaliwa hadi muda wake uishe. Ipe dakika tano. Kwa kuendelea, mteja apewe tokeni ya pili ya kuhuisha, ambayo hutumika mara moja tu na kubadilishwa kila inapotumika. Ikitokea tena baada ya kutumika, fahamu kwamba kuna nakala mikononi mwa mtu mwingine, na ufunge vikao vyote vya mteja huyo.

Orodha ya tokeni zilizofutwa isambaze kwa seva zote mara tu inapobadilika. Haitakuwa kubwa, maana kilichofutwa zaidi ya dakika tano zilizopita kimekwisha kufa chenyewe. Kwa malipo makubwa, usitegemee orodha iliyosambazwa; uliza kituo kikuu kila mara.

Hatua ya sita: namba za muda, na saa za seva

Namba ya tarakimu sita inayotumwa kwa ujumbe mfupi imezoeleka, lakini ndiyo dhaifu kuliko njia nyingine za ushahidi wa pili. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiweka katika njia zenye vizuizi mwaka 2017, na tishio la kuhamishwa kwa laini ya mtu hadi kadi ya tapeli linajulikana na kila wakala. Ukiweza, tumia namba zinazozalishwa ndani ya simu yenyewe kwa utaratibu wa TOTP, wa RFC 6238, ambao kwa kawaida hubadilisha namba kila sekunde 30 na hauhitaji mtandao wakati wa kuzizalisha. Ukilazimika kutumia ujumbe, namba iwe ya mara moja na iishe baada ya dakika chache. Mteja akiomba tena kwa sababu ujumbe umechelewa, mtumie namba ileile ikiwa bado hai. Ukimpa mpya, ile ya kwanza itafika baadaye, ataiandika, na atakosea bila hatia.

Laini ikibadilishwa kadi, zuia kwa muda malipo makubwa na ubadilishaji wa nambari ya siri hadi mwenyewe afike mbele ya mtu na kitambulisho chake.

Yote haya yanategemea saa sahihi. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, na nchi ni hiyohiyo moja. Seva iliyopangwa kwa saa ya Kinshasa na nyingine kwa saa ya Lubumbashi, zikibadilishana nyakati zilizoandikwa bila kutaja kanda, zitatoa tokeni iliyokwisha kabla ya kuzaliwa au iliyo hai kwa saa nzima ya ziada. Hifadhi nyakati zote kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, linganisha saa za seva kwa itifaki ya NTP, na saa ya mahali ionyeshwe tu kwenye skrini ya mteja.

Hatua ya saba: unganisha idhini na muamala wenyewe

Kuthibitisha mtu hakutoshi, inapasa kuthibitisha alichokubali. Idhini ifungwe kwa kiasi, sarafu, mpokeaji na namba ya pekee ya muamala; kimojawapo kikibadilika, idhini ife. Umoja wa Ulaya umeifanya kanuni ya namna hii kuwa sharti la kisheria kwa malipo ya mtandaoni. Kwetu kuna sababu ya karibu zaidi: franka na dola zinatembea pamoja katika duka lilelile. Ujumbe unaosema “Thibitisha malipo ya 50” ni hatari. Andika “dola 50” au “franka 50,000”, na sarafu hiyo iingie ndani ya kile kinachotiwa saini.

Namba ya pekee ya muamala ina kazi ya pili. Mtandao ukikatika baada ya mteja kubonyeza, programu itatuma tena. Seva ikiona namba ileile irudishe jibu lilelile, isilipe mara mbili.

Hatua ya nane: amua mapema utakataa nini mtandao ukikatika

Eric Brewer alieleza mwaka 2000, na Seth Gilbert na Nancy Lynch wakathibitisha kihisabati mwaka 2002, kwamba mfumo uliotawanyika, mawasiliano kati ya sehemu zake yakikatika, hauwezi kubaki na ukweli mmoja na wakati huohuo kumjibu kila mtu. Katika nchi yetu hili si nadharia: kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini hadi ndani ya Januari 2019.

Andika maamuzi yako kabla ya siku hiyo, na meneja wa biashara atie saini pamoja na fundi. Pendekezo langu ni hili. Kuangalia salio kuruhusiwe kwa tokeni iliyo hai. Malipo madogo kwa mpokeaji ambaye mteja amewahi kumlipa yaruhusiwe, ikiwa kundi linalobeba salio lake linafikika, hadi kikomo ulichopanga. Kuingia upya, kubadilisha nambari ya siri, kusajili simu mpya na kumlipa mtu mgeni kukataliwe hadi kundi la hesabu ya majaribio lipate wingi wa kura. Hasara ya kumkatalia mteja kwa saa moja ni kubwa, najua, lakini fedha iliyokwisha kuondoka kwa idhini ya uongo mara nyingi hairudi.

Mawasiliano au umeme ukirudi, wimbi huja. Mtaa mzima wa Kampemba unawaka kwa pamoja, na vifaa vyote vya mawakala vinajaribu kuunganika katika sekunde ileile. Programu ya simu ingoje kabla ya kujaribu tena, kwa muda unaoongezeka maradufu kila jaribio na kuchanganywa na bahati nasibu, ili wasirudi wote kwa pamoja. Upande wa seva, foleni iwe na mwisho: aliyezidi aambiwe mara moja ajaribu baadaye.

Hatua ya tisa: kumbukumbu za matukio

Andika kila jaribio, lililofaulu na lililokataliwa, pamoja na sababu. Nambari za siri na tokeni kamili zisiandikwe kamwe, na nambari ya simu ifichwe tarakimu za katikati. Sheria ya kidijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 ina kanuni za kulinda data binafsi, na faili la kumbukumbu lililosahaulika kwenye seva ya majaribio ni data binafsi vilevile.

Hatua ya kumi: vunja mwenyewe, kabla ya mwisho wa mwezi

Chagua usiku wenye wateja wachache, katikati ya mwezi, na uwaarifu mawakala mapema. Zima seva moja ya hashi na uangalie kama nyingine zinahimili. Zima kiongozi wa kundi la hesabu, na upime sekunde zinazopita hadi mwingine achaguliwe. Kata njia ya Kinshasa, kisha jaribu kila tendo lililomo katika orodha ya hatua ya nane na uone kama linakubaliwa au linakataliwa kama lilivyoandikwa. Tuma maombi hamsini ya pamoja yenye nambari ya siri isiyo sahihi kwa akaunti ya majaribio. Yakikaguliwa zaidi ya matatu, rudi hatua ya nne kabla ya kuongeza seva yoyote.